Dua ya Nabii Yunus Ilimrudisha kwa Watu Wake

Nasaha kwa wazazi wa wanafunzi wa madrasa, Ngamiani, Tanga, mwishoni mwa mwezi wa Shaaban

Masheikh wetu, wazee wetu, mama zetu na dada zetu mlio upande wa pili wa pazia, vijana wangu, assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha jioni hii, na namsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake. Mmeniomba nizungumze na wazazi juu ya kuipokea Ramadhani. Hukumu za funga mtazisikia kwa masheikh, nao wanazijua kuliko mimi. Mimi ni mwalimu wa watoto wenu. Nitasema lile ambalo mwalimu wa watoto hulijua kabla ya sheikh, na pengine kabla ya jirani: nani yupo nyumbani na nani hayupo.

Nalijua kwa njia nyepesi. Mtoto akija kunisomea sura aliyohifadhi katika Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ya Qurani, namuuliza, "Jana nani kakusikiliza?" Wananijibu: bibi, dada, mama alipokuwa anapika. Wapo wanaojibu "baba", na huyo hujibu akiwa amenyoosha shingo. Ni wachache. Na akina baba wa hao wengine hawakusafiri, wapo hapa hapa. Nawaona barazani kwenye kahawa na kashata, nawaona kwenye dhumna, nawaona wakitazama mpira wa Uingereza usiku wa manane kwenye banda la kuonyeshea. Na wengine, wazee wangu mtanisamehe, nawaona humu humu msikitini.

Nitaanza na hao wa mwisho, kwa sababu wa barazani kila mtu ameshawasema, na tukiwasema wao tu, sisi wa safu ya kwanza tutatoka hapa tukiwa tumeridhika.

Mtu anaweza kuikimbia nyumba yake kwa njia ya ibada. Anaswali Magharibi, anabaki kwenye uradi, yaani dhikri zake za kila siku, hadi Isha. Anaswali Isha, anabaki kwenye kikao cha kamati. Akirudi, watoto wamelala, na mama yao amechoka kiasi kwamba hana hata neno la kumlaumu. Asubuhi anatoka Alfajiri na hapiti tena ndani mpaka jua lipande. Ukimuuliza, atakuambia yuko katika njia ya Mungu. Nani atambishia? Wa barazani mkewe anaweza kumlalamikia kwa wazee. Huyu wa msikitini mkewe ataanzaje? Akisema, ataonekana anapigana na dini.

Sasa tuone Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwaje. Al-Aswad, mmoja wa wanafunzi wa maswahaba, alimuuliza Bi Aisha: Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake? Jibu lipo katika Sahih al-Bukhari, nalo ni fupi. Alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Katika mapokezi mengine Bi Aisha anataja na kazi zenyewe: alishona nguo yake, alirekebisha viatu vyake, alikamua mbuzi wake. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akiteremshiwa wahyi, aliyekuwa akipokea wajumbe wa makabila, aliyekuwa na mji mzima mabegani. Kama kuna mtu katika historia aliyekuwa na udhuru wa kusema "nina shughuli za dini, niacheni," ni yeye. Hakuutumia udhuru huo.

Na kisa cha maswahaba wawili, Salman na Abu Dardai, kimo humo humo katika Bukhari, nacho nataka tukae nacho kidogo. Mtume (s.a.w.) aliwaunganisha undugu hawa wawili kule Madina. Siku moja Salman akaenda kumtembelea ndugu yake. Akamkuta mke wa ndugu huyo, Ummu Dardai, amevaa nguo kuukuu, hakujipamba wala kujishughulikia. Akamuuliza, una nini? Mama yule akajibu kwa adabu ambayo mimi kila nikiisoma naona uchungu ndani yake: ndugu yako Abu Dardai hana haja na dunia.

Hakusema ananipiga. Hakusema haniletei chakula. Alisema hana haja na dunia, yaani mimi nami ni katika hiyo dunia asiyokuwa na haja nayo. Mama zangu mlio nyuma ya pazia, wapo kati yenu wanaolifahamu jibu lile bila kuhitaji mwalimu.

Abu Dardai akaja, akamwandalia mgeni wake chakula, akasema, kula, mimi nimefunga. Salman akasema, sili mpaka ule. Akala. Usiku ulipoingia, Abu Dardai akataka kuinuka kuswali. Salman akamwambia, lala. Akalala. Akataka kuinuka tena, akamwambia, lala. Ilipokuwa mwisho wa usiku, Salman akasema, sasa inuka. Wakaswali wote wawili. Kisha akamwambia: Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na watu wako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Abu Dardai akaenda kumweleza Mtume (s.a.w.), na Mtume akasema: Salman amesema kweli.

Kuna jambo katika kisa hiki ambalo huwa tunalipita haraka. Salman hakupanda mimbari. Alimtazama shemeji yake akaona kuna jambo, akauliza, kisha akala na mwenzake, akalala nyumba ile ile, akaamka naye. Sisi leo tukimwona mwenzetu ameihama nyumba yake akiwa bado analala humo, tunamtumia mawaidha kwenye simu. Tena tunayatuma kwenye makundi yote kwa pamoja, na huku mtoto amesimama ubavuni kwetu anataka kuonyesha daftari lake. Mwenye kumjali ndugu yake aende kwake. Akale naye.

Lakini watu hukimbia kwa nini? Nimekaa na akina baba wengi, na sijaona hata mmoja aliyekimbia kwa kuwa hawapendi watoto wake. Wanakimbia maumivu. Mtu hana hela ya kesho, na ada inadaiwa, na michango ya shule inadaiwa, na anajua akiingia ndani macho yote yatamwelekea. Barazani hakuna anayemdai. Mwingine ana mama mgonjwa chumba cha nyuma, haja zake zote hapo hapo kitandani, na hajui amguse vipi mama aliyemzaa. Mwingine amezika mtoto, na mkewe bado analia usiku, naye hana maneno. Anaondoka. Siwalaumu kwa kuumia. Ninachosema ni kwamba maumivu yale hayabaki nyumbani yakikusubiri wewe peke yako. Kuna mtu amebaki nayo.

Na wanawake nao hukimbia, tuseme haki. Kuna mama ambaye kila shughuli ya mtaa yumo, kila ngoma, kila kitchen party, kila kikao cha kikoba, na binti yake wa miaka 13 anajifunza mambo ya utu uzima kwa wenzake. Ila nitasema hivi, na atakayekasirika akasirike: mama akikimbia, jioni ile ile mtaa mzima umeshajua, kwa sababu chungu hakipo jikoni. Baba anaweza kukimbia miaka 10 na mtaa usijue.

Sasa nije kwa Nabii Yunus, amani iwe juu yake. Tunamzungumza kwa heshima, ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, na kisa chake tumesimuliwa ili tufundishike. Aliwalingania watu wake, wakakataa, akaondoka amekasirika kabla ya kupewa ruhusa. Sura As-Saffat inatuambia alikimbilia jahazi lililosheheni. Kura ikapigwa, ikamwangukia yeye, samaki akammeza. Akawa katika giza juu ya giza, na humo ndimo alimoita: La ilaha illa anta, subhanaka, inni kuntu minadh-dhalimin. Hapana mungu ila Wewe, umetakasika, hakika mimi nilikuwa miongoni mwa waliodhulumu.

Dua hii hakuna asiyeijua hapa. Tunaisoma tukidaiwa, tukiugua, kesi ikitukabili. Tunaisoma kwa hesabu, kwa tasbihi, tukiomba tutolewe katika dhiki. Na ni sawa, Mola mwenyewe amesema katika Sura Al-Anbiyaa kwamba alimwitikia akamwokoa na huzuni, na kwamba hivyo ndivyo awaokoavyo waumini. Lakini endeleeni na Sura As-Saffat muone alitolewa akapelekwa wapi. Alitupwa ufukweni hali ya kuwa mgonjwa. Akaoteshewa mmea wa jamii ya mung'unye. Kisha, alipopata nafuu, akatumwa kwa watu laki moja au zaidi. Wafasiri wengi wanasema ni wale wale watu wa Ninawi aliowaacha. Hakupewa mji mwingine wenye watu wasikivu zaidi. Alirudishwa pale pale palipomuuma, na safari hii waliamini.

Mwenye kuisoma dua ya Yunus na akawa hataki kurudishwa kwa watu wake, aitafakari upya anavyoisoma.

Sikuahidini kwamba ukirudi nyumbani leo mambo yatakuwa matamu kesho. Waliorudi wanazijua siku za kwanza. Unaingia ndani saa moja usiku, mkeo anakutazama, anakuuliza, "Umesahau nini?" Unamwita mtoto akae karibu, anakaa ukingoni mwa mkeka kama aliyeitwa na mwalimu mkuu. Unashika simu kwa sababu hujui ufanye nini na mikono yako. Hapo ndipo imani inapofanya kazi. Ukiwa unakaa kwa sababu umekaribishwa vizuri, siku hukukaribishwa utaondoka. Ukiwa unakaa kwa sababu Mola wako amekuwekea haki za watu hawa, utakaa hata siku ambayo hakuna anayekusemesha, na utahesabu kukaa kule kuwa ni ibada.

Namjua baba mmoja, ameniruhusu niseme bila kumtaja. Mtoto wake alizaliwa na mtindio wa ubongo. Kumlisha uji ni kazi ya kijiko kimoja kimoja, unangoja ameze, unamfuta, unaanza tena, na chakula cha jioni kinaweza kuchukua saa nzima. Baba huyu alikuwa wa kwanza kufika msikitini na wa mwisho kutoka, na watu walimsifu kwa hilo. Mkewe hakumlalamikia mtu. Ila siku moja alimwendea mzee wetu mmoja, akamwomba amfikishie mumewe swali: huo uradi wa baada ya Magharibi, je, haufai kusomwa na mtoto akiwa mapajani?

Mzee akalifikisha. Yule bwana hakujibu. Kesho yake alipotoa salamu ya Magharibi, aliinuka akaenda zake.

Hadi leo ndivyo afanyavyo. Faradhi huswali jamaa, msikitini. Sunna huswali kwake, pembeni ya godoro la mtoto. Kisha humchukua mapajani, hushika kijiko, na uradi wake huusoma hapo, Subhanallah, kijiko, Alhamdulillah, kijiko. Sina muujiza wa kuwasimulia. Mtoto hajasimama wala hajatamka neno. Baba bado anachoka, na ameniambia zipo jioni ambazo miguu inataka kumpeleka kwingine. Lakini kuna jambo moja limebadilika ambalo hakulitarajia: mama wa mtoto yule sasa anaiswali Isha kwa wakati wake, ametulia. Kwa miaka mingi alikuwa akiiswali mwisho wa usiku, akiwa anasinzia kwenye sijda. Ibada ya nyumba ile imeongezeka, ndugu zangu, wala haikupungua.

Tena sunna yenyewe mahali pake bora ni nyumbani. Mtume (s.a.w.) amesema swala bora ya mtu ni ya nyumbani kwake, isipokuwa ya faradhi. Akasema tujaalie sehemu ya swala zetu majumbani mwetu, tusiyafanye kuwa makaburi. Mtoto atajifunza swala kwa kumwona nani, kama baba yake huswali mahali ambapo mtoto hayupo? Mtume aliswalisha watu akiwa amembeba Umama, mjukuu wake, binti wa Zainabu. Akisujudu humweka chini, akisimama humbeba. Kuna siku nyingine alirefusha sijda mpaka maswahaba wakadhani pametokea jambo, kumbe mjukuu amempanda mgongoni, naye hakupenda kumharakisha. Sisi mtoto akipita mbele ya mswala tunamkemea mama yake.

Vijana wangu mliobaki na wazazi wazee, najua wenzenu wameondoka. Wengine wako Dar es Salaam, wengine Omani, na wakipiga simu wanaulizwa habari za huko, ninyi mnaonekana mmekwama. Basi mkumbukeni Uwais al-Qarani. Aliishi Yemen zama za Mtume (s.a.w.) na hakumwona. Wanazuoni wanaeleza kwamba kilichomzuia safari ni kumhudumia mama yake. Je, alipungukiwa? Katika Sahih Muslim, Mtume alimtaja kwa jina mbele ya Sayyidna Umar, akamtaja kwa wema wake kwa mama yake, akamwambia Umar: ukiweza kumpata akuombee msamaha, fanya hivyo. Umar! Mtu aliyebaki nyumbani akimhudumia mama yake aliombwa dua na Amiri wa waumini.

Na walio ughaibuni sikuwasema. Safari ya riziki si kukimbia. Kuna dada zetu wanafanya kazi katika nyumba za watu Muscat, na kila mwezi wanatuma, na kila usiku wanamwuliza mtoto amekula nini. Hao wapo nyumbani kuliko baadhi yetu tulio chumba cha pili. Lakini tusijisahau. Sayyidna Umar alipokuwa Khalifa alimsikia usiku mke wa askari akilalamika upweke, akamuuliza binti yake Hafsa mwanamke anaweza kuvumilia muda gani, na kwa jibu lake akawawekea askari kiasi cha miezi ya kukaa mbali. Dola ilikuwa vitani, na bado Khalifa aliliona hilo kuwa ni jambo lake.

Nibainishe na jambo jingine kabla halijaeleweka vibaya. Haya niliyosema asiyachukue mtu akamwambia dada anayepigwa, "Umesikia, kaa, usikimbie." Anayepigwa akiondoka anaokoa nafsi yake, na nafsi ina haki, Salman ameshatuambia. Qurani imeweka wasuluhishi wawili, mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke. Mke wa sahaba Thabit bin Qais alikwenda kwa Mtume (s.a.w.), akasema hamlaumu mumewe kwa dini wala tabia, ila hawezi kuendelea naye, akarudisha bustani ya mahari na akaachwa. Hakuambiwa asubiri mpaka avunjwe mbavu. Yupo kadhi, wapo wazee, na kwenye vituo vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Atakayemrudisha dada huyo kwenye kipigo kwa kutumia hadithi, ajue Mtume yule yule ndiye aliyesema mbora wenu ni aliye mbora kwa watu wake.

Sasa Ramadhani iko mlangoni. Katika Sura Al-Furqan, Mwenyezi Mungu anawataja waja wa Mwingi wa Rehema. Ni watu wanaokesha kwa kusujudu na kusimama. Mtu angedhani wenye sifa hiyo hawana habari na wake na watoto. Lakini aya chache mbele, watu hao hao ndio wanaoomba: Mola wetu, tupe katika wake zetu na vizazi vyetu viburudisho vya macho. Wanaokesha ndio wanaoomba. Macho yao yametoka kwenye sijda, yanatafuta nyuso za nyumbani.

Tumekaa na imamu pamoja na kamati, na tumekubaliana haya. Darsa ya baada ya Alasiri itakwisha mapema, ili baba afike kwake kabla ya adhana ya Magharibi, na kama kuna maji ya kuteka au mtoto wa kushika, ashike. Futari ya msikitini ni ya wasafiri, wanafunzi walio mbali na kwao, na wasio na jamaa hapa mjini. Mwenye familia akafuturu na familia yake, kisha aje. Na anayekusudia itikafu, yaani kukaa msikitini kwa ibada, kumi la mwisho, kwanza azungumze na mkewe: nani atashika duka, nani atampeleka bibi hospitali, nani atakuwa na watoto. Wakiafikiana, karibu. Kama mama ana mtoto mchanga na hana msaidizi, sisi tutamwomba baba huyo akeshe nyumbani, na aswali usiku wake hapo hapo.

Inueni mikono. Ewe Mola, uliyemsikia Yunus katika giza, tusikie. Wanaodaiwa wape riziki ya halali, wasione haya kuingia kwao. Wauguzi wa wazazi wao wape subira na mikono laini. Waliozika watoto uwape maneno ya kuambiana. Walio mbali kwa riziki uwarudishe salama. Na kila aliyeikimbia nyumba yake kati yetu, Wewe unayemjua, mrejeshe usiku huu. Rabbana hab lana min azwajina wa dhurriyyatina qurrata a'yun, waj'alna lil-muttaqina imama. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.